Miezi saba nikingoja SSD ishuke bei, na siku nyimbo za Mama Rasoa zilipopotea

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Eldoret baridi ya leo imekataa kutoka, niko off, nimekaa na kikombe cha pili cha chai, na nimeona niandike hii kitu ambayo mke wangu amekuwa akinisukuma niandike tangu mwezi uliopita.

Ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe. Siongezi kitu, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana watu wa kanisa letu nao wanaingia mitandaoni.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni karani katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Kutwa naandika saruji, misumari na mabati yanayoingia na yanayotoka. Kwetu ni Bungoma, lakini nimekaa Kimumu miaka kumi na moja na mke wangu Naliaka, ambaye anashona uniform za shule.

Jumamosi na Jumapili mimi ni mtu wa kamera.

Nilinunua kamera ya mitumba, nikajifundisha mwenyewe, na sasa ndiye ninayepiga video za kwaya ya kanisa letu dogo kule Yamumbi. Hakuna anayenilipa. Wananipa chai na viazi vitamu, na nawaambia ukweli, mimi hurudi nyumbani nikiwa nimeridhika kuliko siku ya mshahara.

Sasa, anayepiga video anajua shida yake. Video inakula nafasi kama moto.

Laptop yangu ilijaa mpaka ikawa inanipa onyo kila nikiiwasha. Nilikuwa pia na hard disk ya zamani, ile ya sahani inayozunguka ndani. Waya wake ilibidi uushike ukiwa umeinama upande wa kushoto ndipo isome, na ikisoma inalia kama saa ya ukutani. Nayo ilikuwa imejaa picha na video za miaka ya nyuma.

Nikaamua kununua SSD ya kubeba. Kwa wale hawajaiona, ni kidude kama kiberiti, ndani hakuna kitu kinachozunguka, kikianguka hakishtuki, na kinakopi faili haraka sana. Terabaiti moja ingenitosha kwa miaka.

Kuamua kwamba nitanunua kulinichukua dakika moja. Kuamua nitanunua lini ndiko kulikonichukua miezi saba.

Na naomba muelewe vizuri hapa. Pesa ilikuwepo. Nilikuwa nimeiweka kando kabisa, na Naliaka alijua iko. Shida haikuwa mfuko. Shida ilikuwa ni mimi kuogopa kwamba nikinunua leo, wiki ijayo bei itashuka na nitajiona fala.

Siku ya kwanza nilienda kwa Hussein.

Hussein ana duka jembamba la vifaa vya simu na kompyuta, jembamba hivi kwamba wateja wawili wakiingia, wa tatu anangoja nje. Wazazi wake walitoka Garissa, yeye amezaliwa hapa hapa Eldoret, na Kinandi chake kinawashinda majirani zangu wengi. Ni mtu wa kuongea polepole. Hakuchangamkii, hakukimbizi.

Alinionyesha terabaiti moja, akaniambia elfu kumi na mbili. Nikamwambia asante, nitangoja ofa. Akasema ni sawa. Kisha akaongeza kwamba wanaomletea mzigo wanalalamika bei ya vitu vya memory inapanda huko inakotoka, kwa hivyo yeye hawezi kunidanganya kwamba itashuka.

Mimi nikasikia maneno ya mtu anayetaka kuuza. Nikatoka nikijisifu kwamba sikuharakishwa.

Kisha nikanunua daftari.

Ndio, wakuu, daftari la kurasa tisini na sita. Kila Ijumaa saa ya lunch nilikuwa nazunguka mjini nikiandika bei. Ya Hussein, ya duka lingine karibu na stage, halafu na za mtandaoni, nne. Nilichora mpaka grafu. Nikaanza kutazama video za watu wanaoeleza jinsi ya kuchagua disk, na ili nisimalize bundles nikawa nazipakua kazini na kuzihifadhi kwenye laptop ambayo ilikuwa imejaa tayari.

Naliaka alinikuta jioni moja nikipiga rula kwenye hiyo grafu. Akanitazama, akaweka chini nguo aliyokuwa akiishona.

"Wewe huinunui hiyo disk," akasema. "Unaichumbia."

Bei ilipanda mara ya kwanza, nikasema itarudi. Ikapanda mara ya pili, nikasema sasa imefika kileleni, haina tena pa kwenda isipokuwa chini. Hussein alianza kuniita auditor. Nikifika mlangoni tu ananitajia bei kabla sijauliza, naandika, tunasalimiana habari za watoto, naenda zangu.

Haya, sasa niwaambie kuhusu Mama Rasoa, kwa sababu bila yeye huu uzi ungekuwa wa disk tu.

Mama Rasoa ni Mlogooli wa Vihiga, mjane, miaka imepita sabini. Alikuja Yamumbi akiwa msichana mdogo aliyeolewa, akauza mboga, akalea watoto, na kwa muda huo wote amekuwa akiimba katika ile kwaya. Kabla hata kanisa halijapata mabati, yeye aliimba.

Ana nyimbo kumi na moja za Kilogooli ambazo alizipata kwa mama yake na shangazi zake. Nyingine ni za kanisa, nyingine ni za shambani na za harusi ambazo yeye alizigeuza kidogo zikaingia kanisani. Hazijaandikwa popote. Vijana wa kwaya wamezaliwa hapa Eldoret, wanaimba viitikio kwa kukariri tu. Mimi mwenyewe ni Mbukusu, nasikia kama nusu ya maneno.

Mwezi wa nane akatangaza kwamba anarudi nyumbani Vihiga kukaa na binti yake. Magoti yamemchosha na baridi ya huku. Gari la kubeba vitu lilikuwa limepangwa Jumapili fulani, na kabla ya hiyo Jumapili tulikuwa na Jumamosi tatu.

Mwalimu wa kwaya akasema turekodi zote kumi na moja. Jumamosi ya kwanza nyimbo nne, ya pili nne, ya tatu tatu. Na tuanze asubuhi na mapema, kwa sababu si mnajua mvua ya huku mwezi huo. Ikifika saa nane mchana inamwagika, na chini ya mabati hausikii hata mtu aliye karibu nawe.

Kila mtu akanigeukia. Nikasema hakuna shida.

Nikaenda kwa Hussein nikiwa nimeshaamua kununua, kwa mara ya kwanza nikiwa nimeamua kweli. Nikakuta imepanda tena. Elfu kumi na saba na mia tano.

Nilisimama pale nikitazama daftari langu. Miezi saba ya kuandika, na kila ukurasa ulikuwa unanicheka. Nikashindwa kutoa pesa. Nilihisi nikilipa hiyo bei nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mjinga wa miezi saba.

Nikarudi kazini, nikafungua simu, na hapo nikaiona.

SSD ya kubeba. Terabaiti kumi na sita. Elfu tatu. Na saa ndogo nyekundu inahesabu kwamba ofa inaisha baada ya saa mbili.

Wakuu, najua mnachotaka kusema. Kisemeni tu.

Mtu aliyefanya utafiti miezi saba, mwenye daftari na grafu, alinunua terabaiti kumi na sita kwa elfu tatu ndani ya dakika nne. Nilijiambia hii ndiyo ile ofa niliyokuwa nikingoja. Nilijisikia mshindi.

Ilikuja Ijumaa. Ilikuwa nzuri machoni, kasha la chuma, nzito mkononi, na taa ya bluu. Nikaichomeka kwenye laptop, nayo ikaandika kwa ujasiri kabisa, terabaiti kumi na sita. Nikaijaribu kwa kuhamishia zile video zangu za mafunzo na picha za zamani, karibu gigabaiti thelathini kwa jumla. Zikakubali. Nikafungua moja, ikacheza. Naliaka aliishika, akauliza mbona nzito hivi kwa kitu kidogo. Nikamwambia ni ubora.

Jumamosi ya kwanza ilienda vizuri ajabu. Nyimbo nne kabla ya saa sita. Mama Rasoa alivaa kitambaa cha kijani kichwani, akasimama katikati, na mabesi, wanaume wa sauti nzito, nyuma yake kama ukuta.

Jioni nilihamisha nyimbo zote kutoka kwenye kadi za kamera hadi kwenye disk mpya. Kuhamisha, si kukopi. Jumapili nikafomati kadi na kurekodi ibada nzima na watoto wa Sunday school juu yake.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikamwambia Naliaka njoo usikie Mama Rasoa.

Nikafungua folda. Majina ya faili yote manne yapo. Nikabonyeza la kwanza, likakataa. La pili likakataa. La tatu lilifunguka likaonyesha weusi, kimya. La nne nilibonyeza mara sita.

Nikabonyeza zile nilizoweka mwanzoni. Zote zilicheza safi kabisa. Yaani katika ile disk nzima, kilichopona ni picha za zamani na video kumi na moja za watu wakieleza jinsi ya kuchagua disk nzuri. Na mojawapo, nilikuja kuiona baadaye, inaeleza jinsi ya kutambua disk bandia. Nilikuwa nimeitazama nusu.

Naliaka alisimama, akaenda jikoni. Aliniletea maji.

Kesho yake lunch nilikuwa kwa Hussein kabla hajarudi kutoka msikitini. Nilingoja nje pale mlangoni, kile kidude kikiwa mfukoni. Aliponiona bila daftari alijua kuna jambo. Akafungua duka, akaniambia nikae.

Alikipima na programu ndogo aliyokuwa nayo kwenye kompyuta yake, ile inayojaza disk na kuisoma tena. Jibu lilipotoka akaligeuza niliangalie mwenyewe. Ukweli wa ile disk ulikuwa gigabaiti thelathini na mbili. Zaidi ya hapo, inaandika jina la faili tu na kutupa kilichomo.

Akaomba ruhusa aifungue. Nikamwambia fungua.

Akatoa bisibisi ndogo, akaweka karatasi nyeupe mezani. Ndani kulikuwa na kadi ya memory kama ile ya simu, imegandishwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Akavipanga juu ya ile karatasi, kimoja kando ya kingine. Hakucheka. Hilo sitalisahau, kwa sababu mtu ambaye nimemsumbua miezi saba alikuwa na haki yote ya kucheka.

Aliniuliza kulikuwa na nini ndani.

Nikamweleza. Mama Rasoa, nyimbo kumi na moja, gari la Jumapili, mvua ya saa nane.

Akaniuliza kama kadi za kamera ninazo. Nilikuwa nazo. Akajaribu kurudisha vilivyofutwa. Baada ya kusubiri sana tukapata kipande kimoja cha sekunde kumi na mbili, kinaonyesha viatu vya mabesi.

Hapo hata Hussein alitabasamu kidogo. Kisha akafunga kompyuta.

"Huyo mama ako wapi saa hii?"

Nikamwambia ako Yamumbi.

"Basi hujapoteza nyimbo," akasema. "Umepoteza Jumamosi moja. Enda umwambie leo."

Sijui niwaelezee vipi yale maneno yalivyonitoa pale nilipokuwa. Nilikuwa nimeingia dukani kama mtu wa kufiwa. Nikakumbuka mwenye nyimbo yuko hai, yuko kilomita chache kutoka hapo, pengine anapika chai.

Nikatoa elfu kumi na saba na mia tano. Hakupunguza hata shilingi, na sikuomba. Lakini aliifungua ile SSD mbele yangu, akaanza kuipima bila mimi kumwambia, akaniambia nirudi saa kumi na moja ndipo niichukue, kwa sababu haendi kumpa mtu kama mimi kitu ambacho hakijajazwa na kusomwa chote. Nilirudi saa kumi na moja. Ilikuwa safi.

Akanipa na somo, ambalo nawapa bure. Kopi kwanza. Fungua faili, tazama mwanzo, tazama mwisho. Weka mahali pa pili. Ndipo ufute. Na usihamishe kamwe kitu ambacho hakina ndugu.

Kutoka hapo nikashika boda mpaka Yamumbi.

Njiani nilipanga maneno. Nilipanga hata uongo mmoja, nawaambia ukweli, uongo wa kwamba kamera iliharibika. Ungekuwa rahisi. Kamera ikiharibika si kosa la mtu.

Nilimkuta Mama Rasoa amekaa kwenye stuli nje, anafunga vikombe kwa magazeti na kuvipanga ndani ya sufuria kubwa. Nyumba ilikuwa imeshaanza kubaki mifupa, mapazia yametoka. Akanikaribisha, akanipa kazi ya kushika gazeti. Tulifunga vikombe kama vinne hivi kabla sijapata nguvu.

Nikamwambia yote. Bei, daftari, ile ya elfu tatu, video zilizopona, kila kitu. Ule uongo wa kamera ulikufa wenyewe. Mtu akikuangalia huku ameshika kikombe chake cha harusi, huwezi.

Aliendelea kufunga kikombe alichokuwa nacho mpaka kikaisha, akakiweka ndani ya sufuria.

"Zote nne?"

"Zote nne, Mama."

"Hata ule wa tatu?"

"Hata ule wa tatu."

Akapumua kwa nguvu, akainama, na mimi nikajua sasa analia. Nilipotazama vizuri alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika, ameshika goti.

"Mwanangu, ule wimbo niliuharibu," akasema. "Niliruka ubeti mzima. Nimekuwa nikijilaumu hapa tangu Jumamosi, nikaona aibu kuwaambia mrudie na mlikuwa mmechoka."

Wiki nzima, wakuu. Mimi nikiwa na disk tupu, yeye akiwa na ubeti moyoni, na hakuna kati yetu aliyejua.

Akaniuliza kama huyo mtu aliyeniuzia atanirudishia pesa. Nikamwambia hata ukurasa wake umefutwa. Akasema basi naye tumwombee, ila tusimwombee sana.

Jumamosi ya pili tulianza na zile nne upya. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekasirika na mimi kidogo, na alikuwa na haki, lakini Mama Rasoa alimwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyeomba turudie. Hakusema uongo. Hakusema yote pia.

Na ule ubeti ulirudi. Ni ubeti ambapo mama anamwita binti yake atoke shambani kwa sababu wageni wamefika, naye binti anajibu kwamba atakuja jembe likichoka. Alipowaeleza vijana maana yake walicheka sana, maana walikuwa wameimba kiitikio cha huo wimbo tangu utotoni bila kujua kwamba kuna msichana mkaidi ndani yake. Baada ya hapo waliuimba tofauti, na kicheko kikawatoka ubeti huo ulipofika. Nilisikia hata mimi wa nusu lugha.

Kila wimbo ulipoisha nilifanya vile Hussein alisema. Nachomeka, nakopi kwenye SSD, nakopi kwenye laptop ambayo nilikuwa nimeitoa takataka zote, nafungua, natazama mwisho, nainua kidole gumba. Kwaya ikazoea. Hakuna aliyekuwa anakaa mpaka kidole kiinuke.

Lakini hesabu mmeipiga? Nne zilizorudiwa zilimaliza Jumamosi ya pili. Zikabaki nyimbo saba kwa Jumamosi ya mwisho, na mwimbaji wa miaka sabini na kitu, na mvua.

Siku hiyo tulianza saa mbili asubuhi. Naliaka alikuja na chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili ya koo la Mama. Nyimbo tatu za kwanza aliziimba amesimama. Ya nne tukamletea kiti, akakataa, ya tano akakikubali mwenyewe bila kuambiwa. Kati ya wimbo na wimbo mabinti wawili walikuwa wanamkanda magoti, naye anawasahihisha maneno.

Tulipomaliza ya sita, saa sita ikiwa imepita kidogo, mvua ikaanguka. Ilikuja mapema siku hiyo moja, kama imetumwa.

Hatukuwa na la kufanya. Watu thelathini ndani ya kanisa dogo, tunatazamana, hausikii kitu. Tulikunywa chai. Mabesi wakaanza kucheza mchezo fulani na vifuniko vya soda. Mwalimu wa kwaya anatembea tu, anaangalia saa, anaangalia juu.

Mama Rasoa akaniita kwa mkono, nikaenda nikainama karibu naye. Akaomba aione hiyo kitu. Nikamwekea SSD kwenye kiganja. Akaipima juu chini, akaigeuza.

"Hii ndiyo imenibeba mimi mzima?"

Nikamwambia ndiyo, na bado ina nafasi.

"Basi nilikuwa mwepesi," akasema, akanirudishia.

Mvua ilipungua karibu saa tisa. Haikuisha, ilipungua tu. Mwalimu akaniangalia, nikaweka earphone nikasikiliza, nikamwambia matone yanasikika lakini sauti itapita. Akainua mikono.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kuaga, sitaeleza zaidi kwa sababu nitashindwa kuandika. Nilifuta macho yangu nyuma ya kamera. Ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Wote waligeuka kunitazama mimi, wanangoja.

Nikakopi. Nikafungua. Nikatazama mwisho. Nikainua kidole.

Hapo ndipo kelele zilitoka.

Kesho yake gari lilibeba kitanda, stuli na ile sufuria ya vikombe. Nilimpa binti yake flash yenye nyimbo zote kumi na moja ili aweke kwenye TV. Jumatatu nikaenda kwa Hussein nikanunua SSD ya pili kwa ajili ya kopi. Nilimpitia tu, nikalipa, hakuamini. Nilimchezea wimbo wa tatu kwenye kompyuta yake. Hajui neno hata moja la Kilogooli, lakini aliuliza wanacheka nini pale katikati, nikamweleza kuhusu jembe. Ameniomba nimtumie akamchezee mama yake.

Sasa somo.

Wengi humu mnauliza, ninunue sasa au ningoje? Nimewahi kuwa bingwa wa hilo swali. Nawajibu hivi. Ukiwa huna cha kuweka, ngoja tu, haikudhuru. Lakini siku ukipata kitu ambacho kikipotea huwezi kukinunua tena, muda wa kununua umefika, hata kama bei imepanda jana. Mimi ningeokoa zaidi ya elfu tano kama ningenunua siku ya kwanza, na elfu tatu za yule tapeli juu yake. Hizo nimezisamehe. Nisichotaka kurudia ni ile safari ya boda.

Na ukiona terabaiti kumi na sita kwa bei ya viatu vya shule, wakuu, rudisha simu mfukoni unywe maji.

Pia nunua kwa mtu mwenye mlango. Mtu unayeweza kurudi ukamkuta.

Mlionaswa na hizi ofa jitokezeni hapa, tuchekane kidogo halafu tusaidiane. Kama kuna mtu anajua njia nyingine ya kurudisha faili kutoka kwa disk bandia, aniambie, si kwa ajili yangu, kuna dada wa kazini naye ameingia kwenye mtego huo huo. Na wale wataalamu wa kuhifadhi vitu kwenye cloud, nielezeni kama inafaa kwa mtu wa bundles ndogo.

Halafu kuna jambo moja la mwisho. Juzi binti ya Mama Rasoa alinipigia, akampa mama simu. Kwanza nililaumiwa kwa sababu tenor wamechelewa kuingia kwenye wimbo wa tano na sikuwaambia. Kisha akasema kwamba alipokuwa akimwogesha mjukuu, amekumbuka wimbo wa kumi na mbili. Ulikuwa wa shangazi yake. Amekumbuka wote, na beti zake zote.

"Uje kabla sijausahau tena," akasema.

Kesho alfajiri tunashuka Vihiga, mimi, Naliaka na waimbaji sita. Ngoja nikachaji betri.